Ukanda wa Pua: Namna ya Kuuchagua na Kumvika Punda au Farasi

Katika mtaa wa Kapsoya, upande wa mashariki wa mji wa Eldoret, na katika mashamba yaliyo nje ya mji, punda ni mtumishi wa watu wengi. Huvuta gari la maji, huchukua majani ya ng'ombe, kuni, mchanga na magunia ya mahindi. Mwenye punda huijua sana bei ya magurudumu na ujira wa kila safari, lakini ukanda uzungukao pua ya mnyama wake, yaani ile sehemu ya hatamu inayomwongoza, mara nyingi huutengeneza kwa kamba yoyote aliyoiokota. Kitu hicho kidogo chaweza kumlaza punda bila kazi kwa majuma mengi, na nyumba ikakosa fedha ya unga.

Hatamu si jambo geni katika Uasin Gishu. Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg walifika huku mwaka 1908 kwa magari ya ng'ombe, nao walikuwa na farasi wa kupanda. (Mji wenyewe ulikuja kuitwa Sisibo, kwa kuwa ulijengwa juu ya shamba namba 64.) Farasi hawakuenea kwa wananchi, maana ni wa gharama, tena huuawa upesi na maradhi ya farasi yanayoenezwa na visubi. Punda huyastahimili zaidi maradhi hayo, naye hutosheka na chakula kidogo. Hata hivyo kichwa cha punda na cha farasi vimejengwa kwa namna moja, na kanuni ya ukanda ni moja kwa wote wawili.

Yafaa kwanza kuifahamu pua yenyewe. Mtu akipitisha kidole shavuni mwa punda ataukuta mfupa uliotokeza kama ukingo. Chini ya ukingo huo mfupa wa pua huendelea kushuka, ukizidi kuwa mwembamba, hata ukaisha. Kutoka hapo mpaka matunduni ni gegedu na nyama laini tu. Basi, ukanda mahali pake ni juu ya mfupa mgumu, kiasi cha vidole viwili chini ya ule ukingo wa shavu. Ukipandishwa zaidi utausugua ukingo na kuuchubua. Ukishushwa mpaka penye gegedu utaziba njia ya pumzi, na hili ni baya kuliko yote, kwa sababu punda na farasi hawapumui kwa kinywa kama apumuavyo mwanadamu. Punda apandaye mlima na mitungi ya maji huku ukanda umembana matundu husimama; naye mwenyewe, asiyejua sababu, humpiga kwa ukaidi ambao mnyama hana.

Jambo la pili ni nafasi. Ukanda ukiisha kufungwa, vidole viwili vya mtu mzima vipite juu ya mfupa wa pua, kwa mbele, bila kulazimishwa. Wengine hupima kando ya taya, lakini hapo pana nafasi hata kama mbele pamebana, nao hudanganyika. Kisha mnyama apewe majani kidogo: akitafuna na kumeza bila shida, kipimo ni sawa. Ukanda uliolegea mno nao una hatari yake, maana punda anaweza kuingiza mguu ndani yake anapojikuna, akaanguka.

Isidhaniwe kwamba kosa la kukaza ni la maskini tu. Mwaka 2017 ilitangazwa habari ya uchunguzi wa farasi 750 wa mashindano katika Ireland, Uingereza na Ubelgiji. Katika kila mia, 44 walikuwa wamekazwa hata kipimo hakikuweza kupita kabisa, na 7 tu ndio walioachiwa nafasi ya vidole viwili. Mwaka 2025 chama cha dunia cha michezo ya farasi kilianza kutumia kifaa maalumu cha kupimia ukanda. Wapanda farasi wana kanda za aina nyingi, hata ule unaopishana mbele ya pua, ulioitwa kwa jina la farasi Grackle, aliyeshinda mbio kuu za Uingereza mwaka 1931. Mwenye gari la punda hana haja nazo. Ukanda wa kawaida, usio na lijamu, wamtosha.

Kuhusu kitu cha kutengenezea, kilicho bora ni ngozi laini au utepe mnene wa pamba, wenye upana wa vidole viwili. Ngozi ipakwe mafuta mara kwa mara, la sivyo jasho huikausha ikawa kama mbao. Kamba ya mkonge hukwaruza. Nailoni nyembamba hukata kama kisu. Mpira wa gurudumu hushika jasho na kulainisha ngozi mpaka ikachunika. Waya haufai kamwe. Asiye na kitu ila kamba, na aizungushie kitambaa safi cha pamba, akifue kila juma. Tena hatamu ya farasi isinunuliwe kwa ajili ya punda bila kujaribiwa, kwa kuwa paji la punda ni pana na masikio yake ni makubwa, na ukanda wa mbele humvuta masikio.

Kidonda kikiisha kutokea, ukanda uondolewe siku hiyo hiyo, punda apumzike, na kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kidogo cha chumvi. Oili chafu ya motokaa isipakwe. Pepopunda huingia kwa njia ya vidonda, nayo huwaua punda na farasi upesi. Kidonda kirefu na aonyeshwe daktari wa mifugo. Kumtumikisha mnyama mwenye vidonda ni kosa katika Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Tena kumpata punda mwingine si rahisi kama zamani: hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha punda zaidi ya 1,800,000 katika Kenya, na ile ya mwaka 2019 haikufika 1,200,000.

Mtoto wa punda asiachwe na hatamu usiku na mchana. Kichwa chake hukua, kamba haikui, na baada ya miezi michache huzama ndani ya nyama mpaka mfupani, isiweze kutolewa ila kwa kisu cha daktari. Avikwe wakati wa kufundishwa tu, kisha avuliwe. Na kila juma vidole viwili vipitishwe tena.