Mbwa wa Kirmse: chapa halisi au ukurasa wa kitabu?

Marguerite Kirmse alizaliwa Bournemouth, Uingereza, mwaka 1885, akasomea kinubi, kisha akahamia Marekani, ambako michoro ya mbwa ilimpa jina kuliko muziki. Anayetaka kutundika mbwa wa Kirmse ukutani leo hukutana na bidhaa tatu zenye sura moja na bei zisizokaribiana hata kidogo.

Ghali zaidi ni chapa halisi: bamba la shaba lililopakwa nta, likachorwa kwa sindano, likaliwa na asidi, likajazwa wino na kubanwa kwenye karatasi yenye unyevu. Mara nyingi ni dola mia kadhaa. Ukurasa uliochanwa kitabuni (alichora pia picha za riwaya ya Lassie Come-Home, 1940) ni nafuu sana, na nakala mpya ya kompyuta ni nafuu zaidi.

Nafuu si tatizo. Tatizo ni ukurasa wa kitabu kuuzwa kwa bei ya chapa, na fremu nzuri huficha mengi. Chukua lenzi. Ukiona vitone vidogo vilivyopangwa safu kwa safu, hiyo imetoka kiwandani. Chapa halisi ina mistari ya wino mzito, na kuizunguka picha kuna mbonyeo ulioachwa na kingo za bamba. Sahihi ya penseli hung'aa kidogo ukiinamisha karatasi kwenye mwanga, iliyochapwa haing'ai. Mbonyeo peke yake usikutoshe, maana huweza kuigwa.

Halafu kuna gharama ambazo muuzaji hazitaji. Kadibodi ya zamani nyuma ya picha huwa na asidi, nayo huigeuza karatasi kuwa ya kahawia. Kuibadilisha, pamoja na kioo kinachozuia miale ya urujuanimno ya jua, kunaweza kukaribia bei ya chapa yenyewe. Pambizo zikiwa zimekatwa, dai punguzo kubwa. Hakuna fundi wa kuzirudisha.

Mimi ningeacha Scottish Terrier, ambao wapenzi wa aina hiyo huwagombania, nikatafuta mbwa wa kuwinda ndege mwenye pambizo kamili. Kirmse aliwajua vizuri. Mwaka 1935 aliwatolea mbwa wa kuwinda kitabu kizima, Dogs in the Field. Kabla ya kulipa, omba picha ya mchoro ukiwa nje ya fremu, mbele na nyuma. Muuzaji akikataa, mpe bei ya ukurasa wa kitabu, au mwachie mbwa wake.