Daktari wa familia na lugha ya mgonjwa

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Shangazi yangu hakuficha maradhi yake. Kila mwezi alikwenda zahanati kupimwa presha, na siku moja tabibu akamwambia, "Presha yako sasa iko sawa." Alirejea nyumbani akiwa na furaha, akaacha dawa. Miezi michache baadaye alipatwa na kiharusi, na hadi leo mkono wake wa kulia haufanyi kazi.

Tabibu alikusudia kusema kwamba dawa ilikuwa ikiizuia presha isipande. Shangazi alisikia kwamba amepona. Aidha, "kutwa mara tatu" huweza kufahamika kuwa ni mchana tu, na "homa" kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwingine ni mafua.

Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 liliifanya huduma ya msingi kuwa njia ya kuwafikishia watu wote afya. Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha shahada ya uzamili ya tiba ya familia mwaka 2005. Daktari wa fani hii hashughulikii kiungo kimoja, bali mtu pamoja na aila yake: presha, kisukari, pumu, kikohozi cha mtoto. Hufunzwa kumwuliza mgonjwa anadhani anaugua nini, anahofia nini na anatarajia nini. Kisha humwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakavyotumia dawa. Ombi hilo la mwisho lingalitosha kulifichua kosa la shangazi kabla hajatoka mlangoni.

Hata hivyo, madaktari wetu husomeshwa kwa Kiingereza, ilhali wagonjwa wengi hujieleza kwa Kiswahili au kwa lugha zao za mama. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata afya bora kabisa inayowezekana. Haki hiyo ina thamani gani ikiwa mgonjwa hakufahamu alichoambiwa?

Wapo wadaio kuwa Kiswahili hakina istilahi za tiba. Lakini kilichomponza shangazi si istilahi, ni neno "sawa". Kwa hivyo, walimu na wanafunzi wa isimu, tutokeni madarasani tukawasikilize wagonjwa, nazo shule za udaktari zitutengee nafasi ya kufunza mazungumzo ya chumba cha tabibu. Kamusi pekee haitoshi.