Dereva wa Kindu na Barua ya Kanada

Jioni moja, masomo yalipokwisha, kijana mmoja niliyemfundisha zamani alinijia nyumbani, ana barua mkononi. Kazi yake ni udereva wa lori. Ana mke na watoto watatu. Barua ile ilisema kwamba kampuni moja ya malori huko Kanada yamtaka, yeye na jamaa yake yote, nao watasafiri pamoja kwa ndege moja. Ila kabla ya kupewa mkataba hana budi kutuma dola 800. "Mwalimu," akaniambia, "nisomee vizuri. Nimekwisha kupata mtu wa kununua kiwanja changu."

Wasomaji wapenzi, msimcheke. Mtu wa Kindu atakaye kuishi kwa usukani, mji wenyewe haumsaidii. Kindu ni mji wa gari la moshi na wa mashua. Reli ya kwenda Kongolo ilifunguliwa mwaka 1911, na upande wa kaskazini Lualaba ndio ulikuwa barabara yetu mpaka Ubundu. Njia za magari zilikuja nyuma, na nyingi ni njia kwa jina tu. Mvua ikinyesha, safari ya Kasongo hula siku nyingi, dereva na utingo wake wakichimba matope na kukata miti ya kutandika chini ya magurudumu. Mtu wa namna hii hulala chini ya gari kuliko kulala nyumbani kwake, na mshahara ni haba. Asipotamani yeye kwenda mbali, nani atatamani?

Wako wanaoelekea mashariki. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wengine wadhani mipaka imefutika. Haikufutika. Kibali cha kazi chatakiwa bado, na tena kuna jambo dogo lenye kuua: sisi twaendesha upande wa kulia, lakini Tanzania, Uganda, Kenya na Zambia huendesha upande wa kushoto. Dereva mchovu akiamka usiku hukumbuka upande wa kwao. Nao majirani zetu waletao shehena huku wameonja taabu yetu. Mwezi wa Septemba 2016, pande za Namoya penye machimbo ya dhahabu, madereva wa Tanzania na Kenya walitekwa na watu wenye silaha, malori mengine yakachomwa moto, mpaka jeshi la Kongo likawaokoa.

Turudi kwenye barua. Nilimwonyesha kwanza zile dola 800. Kwa kawaida tajiri wa Kanada atakaye kuajiri dereva mgeni hupaswa kuiomba serikali idhini, na kuonyesha kwamba hakumpata mtu wa nchini mwake. Ombi hilo lina ada ya dola 1,000 za kule. Mwenye kuilipa ni tajiri mwenyewe, wala sheria haimruhusu kuidai kwa mfanyakazi, wala kumtoza fedha ya kumtafutia kazi. Basi mtu aombaye fedha ili akupe kazi, tayari amekwisha kukuambia yeye ni nani. Kijana alinyamaza kimya. Nilijua anahesabu nani katika jamaa amekwisha kuambiwa habari ya safari.

Habari ya mke na watoto nayo si nyepesi kama ilivyoandikwa. Tangu Januari 2025 Kanada imepunguza sana vibali vya kazi kwa wake na waume wa wafanyakazi wageni. Mama aliyezoea kuuza mchele na mawese sokoni aweza kujikuta amefungiwa ndani, mikono mitupu. Njia ya kufaa zaidi ni ile ya kuomba makazi ya kudumu, kwa maana huwachukua wote. Tangu Novemba 2022 udereva wa lori umetiwa katika kazi zinazoweza kuhesabiwa kwa ombi la namna hiyo. Lakini kuna mtihani wa lugha, Kiingereza au Kifaransa. Hapo kijana alitazama chini, maana katika somo la Kifaransa alikuwa hodari wa kutoroka.

Marekani nako lugha imekuwa mlango mwembamba. Wakongo wengi waliokaa kambi ya Nyarugusu, huko Kigoma, wamehamishiwa kule pamoja na jamaa zao, na wamo walioshika usukani. Sheria ya kujua Kiingereza ilikuwapo tangu zamani, lakini kuanzia Juni 2025 dereva asiyeweza kusema na askari wa barabara huzuiwa papo hapo asiendelee na safari.

Nikamweleza pia habari ya Humboldt. Tarehe 6 Aprili 2018, katika jimbo la Saskatchewan, lori lilipita alama ya kusimama, na basi lililochukua vijana wa mchezo wa hoki likaligonga. Watu 16 walikufa. Dereva wa lori alikuwa mhamiaji kutoka Uhindi, naye alikuwa amefundishwa majuma mawili tu. Hakuwa mlevi. Alikiri makosa yote, na Machi 2019 akahukumiwa kifungo cha miaka 8. Baada ya ajali ile majimbo kadhaa yaliweka mafunzo ya lazima kwa kila dereva mpya wa malori makubwa. Nasema hivi kwa sababu kijana wangu alidhani kwamba mtu aliyeshinda matope ya Kasongo hana la kujifunza tena.

Kisha nikamwuliza, "Mama wa watoto asemaje?" Kumbe hakumwambia! Nikamrudisha nyumbani.

Kesho yake walikuja wote wawili. Mama alisikiliza yote. Nilieleza kwamba kutoka Toronto mpaka Vancouver ni zaidi ya kilometa 4,000, umbali ambao njia ya Banana hata Lubumbashi haiufikii, na kwamba sheria ya kule yaruhusu kushika usukani hata saa 13 kwa siku. Ndipo akauliza, "Mwalimu, baba yao akiwa safarini siku kumi, na theluji imeziba mlango, mtoto akishikwa na homa usiku, nimwite nani?" Sikuwa na jibu. Darasani mwangu wako watoto wa madereva ambao baba zao hawajui wako darasa gani, na hao wanakaa papa hapa Kindu.

Kiwanja hakikuuzwa. Barua haikujibiwa. Kijana bado aendesha njia ya Kasongo, naye akiwapo mjini huja kwangu jioni kwa Kifaransa. Mkewe huja naye, mtoto mgongoni. Mpaka leo yeye ndiye ajibuye kwanza.