Riyali zilikuwa na kikomo, shilingi hazina

Agosti 2022, Wakenya walioko Doha walipiga kura ya rais kwa mara ya kwanza wakiwa hukohuko Ghuba. Mwaka 2017 vituo vya ng'ambo vilikuwa Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Afrika Kusini tu. Safari hii walinzi wa maghorofa, wahudumu wa hoteli na wafanyakazi wa majumbani nao walipanga foleni, katika nchi isiyo na chama hata kimoja cha siasa.

Wenyeji wao walikuwa wametangulia. Tarehe 2 Oktoba 2021 Waqatari walichagua wajumbe 30 kati ya 45 wa Baraza la Shura. 15 waliobaki waliteuliwa na Amiri. Sheria ya uchaguzi ule ilitaja pesa waziwazi: mgombea asitumie zaidi ya riyali milioni 2, asiguse fedha za kigeni, na anayenunua kura akabiliwe na jela.

Mwaka huohuo Nairobi nayo ilijaribu. Agosti 2021 tume ya uchaguzi, IEBC, ilitangaza viwango vya matumizi ya kampeni, mgombea urais akiwekewa shilingi bilioni 4.4. Oktoba, Bunge likavifuta. Wabunge walisema utaratibu haukufuatwa, na kisheria hoja hiyo haikuwa hewa. Lakini sheria mama ni ya 2013, na Bunge lilikwisha kuisimamisha uchaguzi wa 2017 ukikaribia. Mara mbili mfululizo, tena vyama vikiwa vimegawanyika kwa kila jambo jingine! Kwenye mifuko yao, waheshimiwa hawana serikali wala upinzani.

Hesabu yao inaeleweka. Katika ngome ya chama, ushindi hupatikana kwenye mchujo, na mchujo hulika pesa: magari, fulana, vijana wa kupiga mbiu, "salamu" kwa wazee. Aliyekugharamia hadi ukapata tiketi hudai kwanza. Mpiga kura husubiri. Agosti 2025 Rais William Ruto mwenyewe aliwashutumu hadharani baadhi ya wabunge kwamba walipewa shilingi milioni 10 ili kupitisha mswada dhidi ya utakatishaji fedha. Wabunge walikasirika. Mswada wa utakatishaji fedha, jamani.

Qatar nayo si ya kusifiwa haraka. Kura za 2021 zilifuata koo na makabila, na baadhi ya watu wa kabila la al-Murrah waliandamana kwa kunyimwa haki ya kupiga kura. Amiri Tamim akaja kusema ushindani wa namna hiyo unahatarisha umoja, na kwa kura ya maoni ya 5 Novemba 2024 uteuzi ukarudi. Kikomo cha riyali kimezikwa pamoja na sanduku la kura.

Mkenya wa Doha amebaki na karatasi moja tu, ya urais. Mbunge hamchagui, wala diwani. Ila kampeni zikianza, ujumbe wa kuomba mchango wa mgombea wa nyumbani humfikia kwenye simu, na hutuma.