Kabla ya kuiombea pikipiki, kagua breki



Jumapili moja, baada ya ibada katika kanisa moja pale Mugango, Musoma Vijijini, kijana mmoja aliisukuma pikipiki yake hadi chini ya mwembe ulio mbele ya mlango wa kanisa. Alikuwa ameinunua wiki hiyo mjini Musoma, mkononi mwa mtu. Haikuwa mpya, lakini iling'aa. Alikuwa ameibandika stika za fedha kwenye tangi, ameifunga taa za rangi na kiti kipya chekundu, na ekzosi yake ilinguruma hata watoto wa Shule ya Jumapili wakaja mbio kutazama. Nyuma, kwenye madigadi, aliandikisha kwamba Mungu ndiye mlinzi wake.

Alimwomba mchungaji aiombee. Ni desturi njema. Anayepata nyumba, mtumbwi au chombo cha kazi humshukuru Mungu kwanza, ndipo aanze kukitumia. Lakini mchungaji alipoinua mkono, mzee mmoja wa kanisa akasogea karibu.

"Mwanangu, breki ya nyuma inashika?"

Kijana akatazama chini. "Inashika, baba. Ila inabidi uikanyage mapema."

"Aliyekuuzia alijua?"

"Alijua. Aliniambia nibadilishe breki shuu nikipata hela."

"Na hela ya ekzosi uliipata wapi?"

Hakuna aliyecheka. Wote walijua kwamba kesho yake asubuhi kijana angeanza kubeba abiria: kina mama wanaokwenda sokoni, wagonjwa wanaokwenda hospitali, wanafunzi wawili wawili nyuma ya kiti chekundu. Mchungaji akashusha mkono. "Tutaiombea Jumapili ijayo," alisema kwa upole. "Uje nayo ikiwa na breki."

Baadhi ya waumini waliona kijana ameaibishwa. Wengine walinong'ona kwamba maombi hayana masharti. Mimi nilirudi nyumbani nikafungua kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kwa sababu Musa alikwishaulizwa swali hilohilo miaka mingi kabla ya pikipiki. Yeye aliulizwa kuhusu ng'ombe.

Sheria ile ni fupi, na sisi watu wa Mara, tuliokua tukichunga, tunaielewa bila mkalimani. Ng'ombe akimpiga mtu pembe na kumwua, naye hakuwa na tabia hiyo, ng'ombe atauawa, lakini mwenye ng'ombe hana hatia. Ila kama ng'ombe alijulikana kuwa ni mkali, na mwenyewe alikwishaonywa, kisha hakumfunga, hapo hatia inamfikia mwenye ng'ombe pia. Ng'ombe ni yuleyule na pembe ni zilezile. Kinachotofautisha kesi hizo mbili ni neno moja tu: alijua.

Pikipiki iliyotumika ni ng'ombe wa namna hiyo. Anayenunua mpya anaweza kusema hakujua. Anayenunua mkononi mwa mtu anapokea chombo chenye historia, na siku anapoambiwa kasoro yake, pembe zimekuwa zake.

Kijana huyo ana kaka yake anayefanya kazi Italia. Jioni ileile alimpigia simu kulalamika. Alitegemea kuonewa huruma, lakini kaka alicheka, kwa sababu naye yalikuwa yamemkuta. Baadaye kijana mwenyewe alinisimulia mazungumzo yao, nami naona yanatufaa.

Kaka alikuwa amenunua Ducati ya mbio iliyotumika, zile pikipiki nyekundu zinazotengenezwa Bologna. Naye alianza kama mdogo wake. Wiki ya kwanza alitafuta bei ya ekzosi yenye sauti kubwa na vioo vya kisasa. Fundi aliyempelekea pikipiki hakutaka hata kuzungumzia ekzosi. Alimwuliza, "Mikanda ya taimingi ilibadilishwa lini?" Hakujua. Aliyemuuzia hakuwa na kumbukumbu yoyote ya matengenezo.

Fundi akamweleza. Katika injini nyingi za Ducati za miaka ya nyuma, valvu huendeshwa na mikanda ya mpira iliyofichwa ndani ya vifuniko. Ukitazama kwa nje huioni. Mpira huzeeka hata pikipiki ikiwa imeegeshwa tu, kwa hiyo mkanda hubadilishwa kwa kuhesabu kilomita au kwa kuhesabu miaka, chochote kinachotangulia. Ukikatika ukiwa mwendoni, valvu na pistoni hugongana, na injini nzima huharibika kwa dakika moja. Kisha fundi akamwonyesha tairi. Lilikuwa na meno marefu, zuri kabisa machoni. Lakini ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu 4 za siku lilipotengenezwa: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Palipoandikwa 2310, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2010. Tairi lile lilikuwa limezeeka likiwa stoo. Mwisho akafungua kikombe cha mafuta ya breki, yakaonekana meusi. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, na yakichoka breki inaweza kulegea wakati unapoihitaji zaidi.

"Mdogo wangu," kaka alimwambia, "hela ya ekzosi yote iliishia kwenye vitu ambavyo hakuna mtu atakayeviona."

Usidhani, msomaji, kwamba habari za Italia ziko mbali na Mugango. Kiwanda cha Piaggio cha huko ndicho kilichotoa pikipiki ya magurudumu matatu mwaka 1948, wakaiita Ape, yaani nyuki. Kampuni ya Bajaj ya India ilianza kutengeneza vyombo vya Piaggio kwa kibali, na leo jina lake limekuwa neno la Kiswahili katika kila stendi yetu. Kwa hiyo Ducati ya Bologna, Bajaji ya Musoma na pikipiki ya chini ya mwembe zote zinamwuliza mmiliki mpya swali moja: utaanza na kinachoonekana, au utaanza na kinachoshikilia uhai?

Mafundi wetu wa kando ya barabara wanajua mpangilio huo vizuri. Ukinunua pikipiki iliyotumika, mwaga oili ya zamani uweke mpya, kwa maana hujui iliyomo ina umri gani. Fungua breki za mbele na nyuma, utazame shuu kwa macho yako. Kagua cheni na sproketi. Cheni iliyolegea sana inaweza kuchomoka na kufunga gurudumu. Tikisa gurudumu kusikiliza beringi. Tazama tairi, taa, indiketa na honi. Hakikisha kadi imehamishwa jina lako kihalali. Yote hayo yakiisha, na kama kuna kilichobaki mfukoni, weka stika unazopenda. Kupamba hakuna dhambi. Dhambi iko katika kupamba kwa fedha ya breki.

Wiki hiyo nilimtembelea yule mzee nikamwuliza kwa nini alimkabili kijana mbele za watu. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akaniambia jambo ambalo wazee wa pale wanalijua, ila halizungumzwi.

Miaka mingi iliyopita alikuwa na baiskeli, na breki zake zilikwisha. Mtoto wa dada yake alikuja kuiazima apeleke samaki. "Nilijua," mzee alisema. "Nilimwambia aende polepole, nikamwombea, nikampa baiskeli." Kijana aliteremka mlima akiwa na mzigo. Hakufa. Lakini mpaka leo anatembea kwa gongo, na Jumapili ile alikuwa amekaa chini ya mwembe uleule, akitazama pikipiki yenye kiti chekundu.

"Alinisamehe zamani," mzee akasema. "Na Mungu amenisamehe, ninaamini. Lakini mguu haukurudi."

Nimelibeba neno hilo tangu siku ile. Sisi Wakristo tunahubiri msamaha, na tunafanya vema, kwa maana bila huo hakuna ambaye angesimama. Lakini wakati mwingine tunaugeuza msamaha kuwa akiba ya uzembe. Na maombi tunayageuza kuwa breki shuu. Tunasema "Mungu atatulinda" kuhusu jambo ambalo Mungu ametupa mikono, spana na elfu chache za kulishughulikia. Yesu alipopelekwa juu ya kinara cha hekalu akaambiwa ajitupe ili malaika wamdake, alikataa. Hakuwa na shaka na ulinzi wa Baba yake. Alijua tu kwamba kumwamini Mungu ni kitu kimoja, na kumtega ni kitu kingine.

Soma pia Kumbukumbu la Torati 22:8. Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya azungushie dari yake ukingo, mtu asije akaanguka kutoka juu, na damu ikawa juu ya nyumba ile. Nyumba za wakati ule zilikuwa na dari tambarare ambapo watu walikaa. Ona jinsi upendo wa jirani ulivyoshuka hadi kwenye mawe na udongo. Leo ungeshuka hadi kwenye nati na waya wa breki.

Na wewe unayeuza, usijifiche. Kuficha kasoro ya pikipiki ili upate bei nzuri ni mizani ya udanganyifu ambayo kitabu cha Mithali kinasema ni chukizo kwa Bwana. Yule aliyemuuzia kijana wetu angalau alisema kweli. Ila kusema kweli kisha ukamwacha mtu aondoke na breki mbovu, huku ukijua atabeba watoto, bado kunakuachia swali usiku.

Kuna faraja pia katika habari hii. Sisi sote tulinunuliwa tukiwa tumetumika. Mtume Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba walinunuliwa kwa thamani. Aliyetununua hakudanganywa, kasoro zetu zote alizijua, na bado akalipa bei kamili. Wala hakuanza kazi yake kwa kutubandika stika. Alianza ndani, kama alivyowaambia Mafarisayo wasafishe kwanza ndani ya kikombe. Ndiyo maana kazi yake ndani yetu mara nyingi haipigi kelele. Mtu aliyekuwa na hasira anaanza kunyamaza kabla ya kujibu. Aliyekuwa mlevi anapita njia nyingine akirudi nyumbani. Hakuna anayekimbia kuja kutazama, lakini breki zimeanza kushika.

Jumapili iliyofuata kijana alirudi. Ekzosi ya kelele ilikuwa imeondoka. Aliiuza, akarudisha ile ya zamani yenye kutu. Kwa fedha hiyo alinunua breki shuu za mbele na nyuma, cheni, na helmeti ya pili kwa ajili ya abiria. Mchungaji hakuuliza kitu. Alimwita yule mzee aishike pikipiki usukani, na akamwita mwenye gongo asimame upande wa pili. Kisha akaomba, na maombi hayakuwa marefu.

Mpendwa msomaji, huenda huna pikipiki. Labda una mtumbwi unaovuja, waya wa umeme ulio wazi ukutani, ngazi ya kanisa inayotikisika, au maneno makali ambayo watoto wako wanayajua kuliko majirani. Ulikwishaambiwa, na unajua. Kabla ya kuinua mikono leo, chukua spana.

Jumapili njema.