Picha, Matofali na Mipango ya Miji
Katika mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft, picha hugeuzwa matofali: kila nukta hupewa tofali la rangi iliyo karibu nayo. Picha ya nukta 128 kwa 128 hula matofali 16,384. Wako watakaouita upuuzi wa watoto. Sisi hatukubali. Tangu mwaka 2012 shirika la UN-Habitat, lenye makao makuu Nairobi, limeutumia mchezo huo kujenga mfano wa maeneo ya wazi mijini, na wakazi wenyewe wakayapanga upya. Ramani za wataalamu husomwa na wachache. Tofali kila mtu huliona, hata bibi asiyejua kusoma. Hapana budi wakuu wa mipango wawaonyeshe wananchi wa visiwani michoro yao kwa namna hii, kabla saruji haijamwagwa.