Telegramu Iliyochelewa

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Na wewe mwenye fomu ya chuo mkononi, iweke chini kwanza. Haiozi.

Mwaka 1894 kijana mmoja Mmarekani mweusi, W. E. B. Du Bois, alirudi kwao kutoka masomoni Berlin. Kichwa kilijaa historia na falsafa, mfuko ulikuwa mtupu. Akaandika barua za kuomba ualimu, chuo baada ya chuo. Chuo cha Wilberforce, jimbo la Ohio, kikamjibu: njoo ufundishe Kilatini na Kigiriki, mshahara dola 800 kwa mwaka. Akakubali palepale. Baadaye kidogo ikaingia telegramu kutoka shule ya Tuskegee, Alabama, ikisema huku kuna nafasi ya kufundisha hesabu, utaichukua? Aliyeituma ni Booker T. Washington. Lakini Du Bois alikwisha kutoa neno lake, akaenda Wilberforce. Ukubwani aliandika kwamba alijiuliza mambo yangekuwaje kama ya Tuskegee ingetangulia.

Hata mimi hujiuliza, maana wawili hao ndio waliokuja kuvutana vikali juu ya swali hilohilo linalokukosesha usingizi: usome chuo kitakachokupa kazi mkononi, au chuo kitakachokupitisha kwenye lugha, historia, hesabu na falsafa, kazi uje uitafute mbele ya safari?

Booker alizaliwa mtumwa, huko Virginia. Siku ya kwanza shuleni mwalimu alipouliza majina, yeye hakuwa na jina la ukoo; akajipa mwenyewe. Alipofika shule ya Hampton mwaka 1872, mtihani wake wa kuingia ulikuwa ufagio. Alifagia chumba mara tatu, akapangusa vumbi mara nne, mwalimu akapitisha leso asione hata chembe. Akapokelewa. Mwaka 1881 akaanzisha shule ya Tuskegee, na wanafunzi wakajenga majengo kwa mikono yao. Matofali walichoma wenyewe. Tanuri la kwanza likaharibika. La pili, vilevile. La tatu likabomoka karibu na kuiva, na fedha zikawa zimekwisha. Booker akaiweka saa yake rehani kwa dola 15, na tanuri la nne likatoa matofali mazuri. Saa yenyewe hakuiona tena.

Kisha likatokea jambo lililomfungua macho. Wazungu wa jirani, ambao hawakuwa na hamu ya kuona watu weusi wakisoma, walianza kuja kununua matofali, kwa kuwa yalikuwa bora. Booker akaishika hoja hiyo maisha yake yote: jifunze kazi ambayo jirani yako hawezi kuikosa, heshima itakuja nyuma yake. Useremala, kilimo, ushonaji, uchapaji. Mtu aliyeanza maisha bila hata jina la ukoo, usimcheke akithamini tofali.

Du Bois alizaliwa mwaka 1868 Massachusetts, utumwa ukiwa umekwisha kufutwa. Akasoma Fisk, chuo cha elimu pana, kisha Harvard, na mwaka 1895 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu hapo Harvard. Mwaka 1903, katika kitabu chake The Souls of Black Folk, akampinga Booker waziwazi. Useremala hakuudharau. Alichokataa ni watu weusi wote kuambiwa kwamba hapo ndipo mwisho wao, tena wanyamaze wakati kura zao zinanyang'anywa. Fundi asiye na kura, akidhulumiwa karakana yake, atamlilia nani? Halafu akauliza swali la pili: na hao walimu wa shule za ufundi watasomea wapi?

Hapo alimshika Booker pabaya. Walimu wengi wa Tuskegee walitoka vyuo vya aina ya Fisk. Mke wa Booker, Margaret Murray, alihitimu Fisk mwaka 1889. Na binti wa Booker, Portia? Alipelekwa Wellesley, chuo cha wasichana cha elimu pana, na baadaye akavuka bahari kwenda Berlin kusomea piano. Mimi mtu akinishauri juu ya masomo, kwanza humwuliza wanawe wanasoma nini.

Mvutano huo ulifika hadi kwetu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki ikiusifia mfano wa Hampton na Tuskegee, na mwaka uliofuata, kwa mfano huohuo, ikafunguliwa Jeanes School huko Kabete, Kenya. Makerere nayo ilikuwa imeanza mwaka 1922 na vijana 14 wa useremala, ujenzi na umakanika. Serikali za kikoloni zilipenda sana elimu ya mikono, kwa wengine. Booker tofali alilichagua mwenyewe, hawa walichaguliwa. Msiwashangae basi wazee waliodai vitabu na Kiingereza kwa ukali, wakaliona jembe la shuleni kama adhabu.

Julius Nyerere aliingia Makerere mwaka 1943, akatoka na stashahada ya ualimu, karatasi ya kazi kabisa. Akafundisha. Halafu akaenda Edinburgh, akasoma historia, uchumi na falsafa, akapata M.A. mwaka 1952. Mwaka 1963, akiwa Rais, ilichapishwa tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare. Mwaka 1967 mtu huyohuyo akaandika Elimu ya Kujitegemea, akitaka kila shule iwe na shamba au karakana yake. Sasa mkitaka kubishana kama Mwalimu alikuwa wa Booker au wa Du Bois, bishaneni. Mimi nimeshindwa kumpangia upande.